Gia ya Pili

Alikuja Dadi wa Mahuta anaisukuma,
jasho mpaka kwenye mfuko wa simu,
magunia mawili ya korosho kayaacha njiani
kwenye ulinzi wa mtoto na fimbo.
"Nimebadili cheni mara mbili," akasema.
"Mmoja kaweka pleti mpya za klachi.
Fundi wa stendi kafungua injini, kafunga,
kasema tafuta mwingine.
Bado inatema."

Inatema wapi?

"Mlimani. Nikiwa na mzigo. Ya pili."

Sikushika spana. Kwanza sikio.
Nikaipanda, nikazunguka ghala la chama,
mchanga wa Tandahimba ukinivuta gurudumu
kama mtu anayenidai.
Ya kwanza, salama.
Ya pili, nikaipa moto, tak!
injini ikapiga ukelele, gurudumu likanyamaza,
pedali ikaurudisha mguu wangu
kama mlango wa mwenye hasira.
Ya tatu, adabu tele.
Klachi ikichoka huteleza kote.
Cheni ikilegea hulia hata tambarare.
Hapa ni gia moja tu inayokataa,
na homa ya mtu mmoja haiponi kwa kuogesha ukoo.

Nikalegeza bolti ya chini.
Oili ikashuka nyeusi, nyepesi, inanuka kuungua.
Nikaisugua kwa vidole juani: inameta.
Msimu wa salfa tunapiga chafya kwa unga wa njano
uliopulizwa mikoroshoni.
Huu nao ni unga, ila wa chuma
kinachojila chenyewe taratibu.
Kwenye sumaku ya spika mbovu
ukasimama kama vinyweleo vya mwenye baridi.

Adhuhuri injini ilikuwa juu ya gunia,
imepasuliwa mapande mawili,
kila skrubu kwenye kizibo chake cha soda.
Uma wa gia umepinda, unene wa ukucha.
Na yale meno ya ubavuni mwa ya pili,
ambayo kazi yake ni kuwa na kona za kushikia,
yameviringika kama kipande cha sabuni
kilichobaki baada ya watu wengi.
Kilichochoka kushika
ukikipa mzigo kinaachia. Si ukaidi.

Ndipo nikaziona nukta tatu za msumari.
Nukta zangu.
Msimu wa juzi, bei ilipoanguka
tukabaki kukopeshana chumvi,
niliing'oa gia hii kwenye pikipiki iliyogongwa Nanganga,
nikaipiga tupa kona zake,
nikamwambia Dadi: kama mpya.
Tupa huondoa ngozi ngumu ya chuma,
ndani kuna ulaini.
Nilijua.

Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga:
oili umeikalisha sana. Mzigo umezidi.
Unakanyaga gia bila kubana klachi.
Yote kweli, na hiyo ya mwisho kweli zaidi.
Nikanawa mikono kwa Foma na mchanga,
nikanawa tena.

"Dadi. Hii niliiweka mimi. Ilikuwa imeshakufa."

Akamaliza bibo alilokuwa anafyonza,
akatupa kapi.
"Najua. Yule wa stendi aliziona nukta.
Akaniambia kamtafute mwenye mkono huu,
ama umpige, ama akutengenezee."

Sasa?

"Sijaamua. Tengeneza kwanza."

Gia na uma vilikuja na basi la Masasi siku ya tatu,
nusu ya bei mfukoni mwangu.
Yeye ndiye aliyenishikia tochi,
hakusema kitu, mwanga haukutikisika.
Jioni akapakia magunia,
hakuaga, akashika njia ya Mahuta.

Nilibaki nimesimama na tambara mkononi,
nasikiliza kilima.
Ya kwanza.
Ya pili.
Mbwa wa jirani akabweka, nikamrushia kizibo.
Ya pili.
Bado ya pili.